Kutoka Kipande hadi Maisha Namba: Wewe ni wa Nani?

Katika Kenya ya leo, mtu mzima asiye na kitambulisho cha taifa hana pa kushika. Hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana M-Pesa. Hawezi kufungua akaunti ya benki, kuandikishwa kazi ya mkataba wala kuandikiwa hati ya shamba alilolinunua. Mlinzi kwenye lango la jengo la ofisi jijini Nairobi humwomba kadi hiyo, hunakili namba yake kwenye daftari refu lenye safu za jina, simu, saa ya kuingia na saa ya kutoka, kisha mara nyingi huibakiza kadi mezani mpaka mgeni atakapotoka. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inamruhusu mpiga kura kujitambulisha kwa hati mbili, kitambulisho au pasipoti, lakini mtu mzima haombi pasipoti bila kuonyesha kitambulisho, kwa hiyo mlango wa kuingilia kwa kweli ni mmoja. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, kadi ya ubatizo na barua ya chifu zote ni hati halali, ila kazi yake kubwa ni kumfikisha mwenye nazo kwenye hati ile moja. Zikifika hapo zikakataliwa, hazimfai pengine popote.

Tumezoea kuamini kwamba hati hukubaliwa kwa sababu inasema kweli juu ya mtu: jina lake, mahali alipozaliwa, sura yake, alama ya kidole chake. Historia ya Kenya inaonyesha jambo tofauti, na ndilo nitakalolitetea hapa. Kwa zaidi ya miaka mia moja hati za nchi hii zimekubaliwa au kukataliwa kwa kuangalia nani amesimama nyuma ya mwenye hati, yaani nani amekubali kwamba huyu ni wake: mwajiri, chifu, mzazi, kabila. Swali la kwamba mtu huyu ni nani limekuwa rahisi kujibu tangu alama za vidole zilipoanza kuchukuliwa. Swali zito limekuwa kwamba yeye ni wa nani, na mzigo wa kulijibu umewekwa mabegani mwa watu wale wale kizazi baada ya kizazi, huku wengine wakipita bila kuulizwa.

Sheria ya Usajili wa Wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, lakini Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimepamba moto Afrika Mashariki na serikali ya kikoloni ilikuwa inakusanya wanaume kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, kwa hiyo utekelezaji ulingoja mpaka vita vilipokwisha. Kuanzia 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa asajiliwe, achukuliwe alama za vidole, na apewe karatasi aliyopaswa kuwa nayo kila anapotoka eneo lake. Kabla ya hapo neno kipande lilikuwa tayari linajulikana katika mashamba kama tikiti ya siku 30 za kazi, ambayo mwajiri aliitia alama kila siku kazi ilipomalizika. Kipande kipya kilirithi jina na kikarithi pia kazi yake. Karatasi ilikunjwa, ikatiwa ndani ya kijaluba cha bati, na kijaluba kikaningʼinizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele anayovalishwa mbuzi, na aliyekipa jina hilo alikuwa ameielewa sheria vizuri kuliko wengi walioiandika.

Inafaa kukisoma kipande chenyewe. Sehemu ya juu ilibeba jina, kabila, wilaya, eneo, chifu na alama za vidole. Sehemu kubwa iliyobaki haikumhusu mwenye kipande, ilimhusu mwajiri. Kulikuwa na safu za jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuachishwa, na mahali pa sahihi ya kumruhusu aondoke. Pasipokuwa na sahihi hiyo, mwajiri wa pili hakuruhusiwa kumchukua, na polisi aliyemkuta njiani alimhesabu kuwa mtoro. Utoro ulikuwa kosa la jinai, si ugomvi wa mkataba, na katika miaka ya 1920 mahakama zilisikiliza kesi za utoro kwa maelfu. Mwajiri mpya alipousoma mshahara wa zamani, alijua kiasi cha chini ambacho mfanyakazi huyu amewahi kukubali, na hakuwa na sababu ya kuongeza. Aliyepoteza kipande alilazimika kukilipia upya. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 vipande vilivyokuwa vimetolewa vilizidi milioni moja. Wanawake hawakupewa, kwa kuwa walowezi hawakuwa wanawatafuta wanawake waliotoroka mashamba. Na ukweli huu mmoja unatosha kuonyesha kwamba lengo halikuwa kuwajua watu wa nchi.

Pwani mambo yalikuwa na sura yake. Ukanda wa maili kumi ulikuwa bado unahesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na watu wake walikuwa wameishi karne nyingi bila kulazimika kuchagua kama ni Waafrika, Waarabu au Waswahili. Utawala wa Uingereza uliwalazimisha kuchagua, kwa kuwa sheria ya kodi, ya ajira na ya usajili iligawanya watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na aliyeandikwa upande wa wenyeji alibeba mzigo ambao jirani yake aliyeandikwa Mwarabu hakuubeba. Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, walipoachwa nje ya daftari la wapiga kura wa Kiarabu katika miaka ya 1920, wakaunda chama chao mwaka 1927 kudai wasihesabiwe kama wenyeji. Leo ni rahisi kuwalaumu kwamba walikimbia Uafrika. Mimi naona walikuwa wanafanya hesabu ambayo sheria yenyewe iliwafundisha: kwamba hadhi ya mtu mbele ya ofisi haitokani na alipozaliwa wala alipozikwa babu yake, bali na safu ambayo karani amemwandika.

Upinzani ulikuja mapema. Harry Thuku, aliyekuwa opereta wa simu katika Hazina mjini Nairobi, aliunda Young Kikuyu Association mwaka 1921, kisha East African Association, akidai kipande kifutwe, kodi ipunguzwe na mishahara ambayo walowezi walikuwa wamekubaliana kuikata kwa theluthi irudishwe. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikofungiwa, na mbele ya umati huo alikuwepo mwanamke aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru, ambaye sheria ya kipande haikumhusu kwa herufi yake hata kidogo. Polisi walifyatua risasi, naye akafa pamoja na wengine. Serikali ilikiri vifo 21. Waafrika waliokuwepo walisema waliokufa ni wengi zaidi. Thuku alihamishiwa Kismayu, na kipande kikabaki shingoni mwa wanaume kwa robo karne nyingine.

Kilichotokea baada ya Vita Vikuu vya Pili kinafundisha zaidi kuliko miaka yote iliyotangulia, ingawa hakisimuliwi sana. Waafrika waliorudi kutoka Burma na Habeshi hawakuwa tayari kurudishiwa kijaluba cha bati, na serikali, ikitaka kuonekana imeondoa ubaguzi, ikatunga Sheria ya Usajili wa Watu ya 1947 iliyowahusu wanaume wa rangi zote. Kila mmoja angesajiliwa kwa namna moja, alama za vidole zikiwemo. Hapo walowezi wakaja juu. Waliona kuchukuliwa alama za vidole ni fedheha inayowafaa wahalifu na wenyeji, na kelele zao zikawa kubwa kiasi kwamba serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Sir Bertrand Glancy, iliyotoa ripoti mwaka 1950. Ufumbuzi wake ulikuwa kwamba mtu anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza na kutoa picha zake asilazimishwe kutoa alama za vidole. Haikutaja rangi ya mtu, na haikuhitaji kuitaja. Mzungu alitia sahihi yake na akaaminiwa. Mkulima wa Nyanza au Ukambani alipakwa wino. Miaka 30 wenye nchi walikuwa wameambiwa kwamba alama ya kidole ni chombo cha ukweli kisicho na ubaguzi, kinachomlinda hata mfanyakazi mwenyewe dhidi ya mwizi wa jina lake. Ilipofika zamu ya wale walioisifu, ukweli huo hawakuuhitaji tena.

Kisha ikaja Hali ya Hatari ya Oktoba 1952, iliyotangazwa kukabili uasi wa Mau Mau. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, usajili wa kawaida haukutosha tena. Waliongezewa vitabu vya pasi vilivyodhibiti kazi na safari zao, na baadaye vyeti vya uaminifu kwa waliothibitika kuunga mkono serikali. Katika Operesheni Anvil, iliyoanza tarehe 24 Aprili 1954, jeshi na polisi waliizingira Nairobi mtaa kwa mtaa na kuwakamata watu kwa makumi ya maelfu. Mtu alipitishwa na kipande chake mkononi mbele ya gakunia, mtoa habari aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Kichwa kile kikiitikia kwa namna moja, mtu alirudishwa nyumbani. Kikiitikia kwa namna nyingine, alipandishwa lori la kwenda kizuizini. Jina, wilaya na alama za vidole zilikuwa sahihi katika karatasi zote mbili, ya aliyerudi na ya aliyepelekwa kambi ya Langata au ya Manyani. Ushahidi ulioamua ulitoka kwa mtu asiyeonekana uso, na hati ya serikali iliyokuwepo pale haikuwa na la kusema.

Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, Katiba iliweka kigezo cha uraia ambacho juu juu hakikutaja kabila wala rangi: aliyezaliwa Kenya na mzazi wake mmoja naye akazaliwa Kenya akawa raia siku hiyo hiyo. Wengine, wengi wao wakiwa Wahindi, walipewa miaka miwili ya kuomba kusajiliwa. Maelfu waliomba, maelfu wengine walibaki na pasipoti za Uingereza, wakiamini hati hiyo imebeba ahadi ya dola kubwa. Sheria za uhamiaji na biashara za 1967 zilipowabana, wakaanza kuondoka kwenda Uingereza, na hapo wakagundua thamani ya karatasi waliyoishika. Bunge la London lilipitisha Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ya 1968 kwa siku tatu tu. Mwenye pasipoti ya Uingereza hakuruhusiwa tena kuingia apendavyo isipokuwa yeye, mzazi wake au babu au bibi yake alizaliwa, au alipata uraia, ndani ya Uingereza yenyewe. Pasipoti haikuwa ya kughushi, na afisa wa uwanja wa ndege hakuwa na shaka na picha wala jina. Aliuliza babu ni wa wapi. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba sheria hiyo iliwabagua Waasia wa Afrika Mashariki kwa rangi yao. Nimeleta kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba swali la asili si ugonjwa wa Afrika. Nairobi na London, katika muongo mmoja, ziliikagua nasaba ya watu wale wale, kila moja ikitumaini kwamba jibu litawatupa kwa mwenzake.

Ndani ya Kenya kipande kilibadilika polepole kuwa kitambulisho. Mwaka 1978 sheria ya usajili ilirekebishwa ili wanawake nao wasajiliwe, na mwaka 1980 umri ukapandishwa kutoka miaka 16 hadi 18. Maana yake ni kwamba wanawake wa Kenya huru waliishi karibu miaka 15 bila hati ya utambulisho ya taifa lao, na wengi wa kizazi cha mama zetu na nyanya zetu walifariki kabla hawajaiona. Jambo hili nitalirudia, kwa kuwa fomu ya leo inamtaka mwombaji aonyeshe kitambulisho cha mzazi kana kwamba kila mzazi alipata nafasi ya kuwa nacho.

Kaskazini mashariki kitambulisho hicho hakikutosha hata kwa aliyekuwa nacho. Mwezi Novemba 1989, miaka mitano baada ya vikosi vya serikali kuwaua raia wa Kisomali huko Wagalla, serikali iliamuru Wakenya wote wenye asili ya Kisomali, popote walipo nchini, wapite mbele ya kamati za kuwachuja. Aliyepita alipewa kadi ya pili ya rangi ya waridi, na kwa muda mtu huyo alihitaji kadi mbili kufanya kile ambacho mwenzake wa Nyeri au Kisii alikifanya kwa moja. Kadi ya waridi iliacha kutumika, ila kamati zilibaki. Watu wa mipakani, Wanubi wa Kibra na Waislamu wengi wa Pwani waliendelea kupigwa msasa kabla ya kupewa fomu: nyaraka za babu, majina ya wazee wa ukoo, maswali mbele ya meza ya chifu, wazee na maafisa wa usalama. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya iliuchunguza utaratibu huo na kutoa ripoti mwaka 2007. Wanubi ni wajukuu wa askari kutoka Sudan walioletwa na Waingereza wenyewe na kupewa Kibra, iliyotangazwa ardhi ya jeshi mwaka 1912. Karne moja baadaye walikuwa bado wanaulizwa walitoka lini. Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua Machi 2011 kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi, ambao walizaliwa na kukua bila uhakika wa uraia, wakingoja kujua majaliwa yao watakapofika miaka 18.

Watu makini wana jibu kwa haya, na halistahili kupuuzwa. Kenya ilipigana vita vya shifta, waasi wa kaskazini mashariki, katika miaka ya 1960. Imepoteza zaidi ya watu 200 katika shambulio la ubalozi wa Marekani mwaka 1998, watu 67 katika jengo la maduka la Westgate mwaka 2013, na watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Mpaka na Somalia ni mrefu, na dola isiyojua nani ni raia wake haiwezi kumlinda raia huyo. Nakubali kila sehemu ya hoja hii isipokuwa hitimisho lake. Mmoja wa washambuliaji wa Garissa, kama serikali yenyewe ilivyotangaza, alikuwa kijana wa Mandera aliyehitimu shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu. Hakuna kamati ya msasa ambayo ingemzuia, kwa sababu baba yake ndiye aina ya mtu ambaye kamati ilikuwa ikimwita atoe ushahidi. Kumjua mtu ni wa nani hakukusema lolote juu ya nia yake. Na mgeni mwenye fedha hakuhitaji kuketi mbele ya kamati. Hongo ilimpatia kadi kwa njia ya mkato. Aliyebaki kwenye foleni akiulizwa jina la babu wa babu yake alikuwa mwanafunzi wa kidato cha nne anayetaka kujiunga na chuo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi kwangu, kwa kuwa inatoka upande wa maskini. Watu wengi wa Afrika Mashariki hawajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, na neno la mzee wa mtaa au chifu ndilo pekee linaloweza kuwaombea. Ukiliondoa, unawafungia nje kabisa. Tanzania ni shahidi mzuri wa jambo hili. Ilitunga sheria ya vitambulisho vya taifa mwaka 1986, ikaunda mamlaka ya vitambulisho, NIDA, mwaka 2008, na kadi zikaanza kutolewa miaka michache baadaye. Katika muda wote huo watu walifungua akaunti na kuandikisha watoto shule kwa kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva na barua ya mtendaji wa kijiji au serikali ya mtaa. Nchi haikuanguka. Barua ya mtendaji ni ushahidi wa jirani kama ulivyo ushahidi wa chifu wa Kenya, na mimi siutaki ufutwe. Tofauti iko kwenye matumizi yake. Barua hiyo humsaidia asiye na hati apate mahali pa kuanzia, wakati kamati ya msasa ilimchukua mwenye hati zote na kumwambia kwamba kwa sababu ya jina lake hati hizo hazitoshi. Tanzania nayo haikusalimika, kwani usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipofikia ukomo wake Januari 2020, hati zile nyingine zilipoteza nguvu yake kwa upande wa simu, na aliyekuwa hajapata namba ya NIDA alianza kuzimiwa laini. Zanzibar, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kilipofanywa sharti la kuandikishwa kupiga kura, barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, ya kukipata ikawa chanzo cha malalamiko makali ya kisiasa.

Wengine husema haya yote yataondoka teknolojia ikikomaa, na Kenya ilikwenda mbali katika imani hiyo. Marekebisho ya sheria ya 2018 yalianzisha mfumo wa utambulisho uliokuja kuitwa Huduma Namba, yakiruhusu hata kuchukua vinasaba na mahali nyumba ya mtu ilipo kwa mitambo ya satelaiti. Wanubi walikuwa wa kwanza kwenda mahakamani, kwa sababu waliona upesi kwamba mfumo unaodai hati za zamani ili kukupa namba mpya utawaacha nje wale wale. Tarehe 30 Januari 2020 majaji Mumbi Ngugi, Weldon Korir na Pauline Nyamweya walifuta kipengele cha vinasaba na mahali, na wakazuia mfumo kuendelea mpaka pawe na kanuni za kutosha. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah alitamka kwamba utoaji wa kadi zenyewe haukufuata sheria ya kulinda data. Serikali iliyofuata ikaleta mfumo mwingine, Maisha Namba, mwishoni mwa 2023, nao ukakutana na kesi zake. Hata hivyo mfano ulio wazi kuliko mashauri yote hayo uko Garissa. Ukame na njaa vilipowabana Wakenya wa kaskazini mashariki, baadhi yao walijiandikisha katika kambi za Dadaab, zilizofunguliwa 1991, ili wapate mgao wa chakula na matibabu. Wengine waliandikishwa na wazazi wao wakiwa watoto. Walipofika miaka 18 na kuweka kidole kwenye mashine ya usajili, mashine ilijibu kwamba kidole hicho ni cha mkimbizi. Ilisema kweli kuhusu kidole. Iliukosea uraia, na kwa miaka mingi maafisa waliiamini mashine kuliko cheti cha kuzaliwa, shule aliyosoma kijana na wazazi waliosimama kando yake wakiwa na vitambulisho vyao vya Kenya mkononi.

Ziko pia habari njema. Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi Oktoba 2016 na kukutana na Rais Uhuru Kenyatta; mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Washona walifuata, na Julai 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa Kwale na Kilifi, wavuvi ambao kwa miongo walikosa leseni za uvuvi kwa kukosa kadi. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa ziarani kaskazini mashariki, alitangaza kufutwa kwa msasa wa ziada kwa watu wa mipakani. Nafurahi pamoja nao bila kusitasita. Lakini angalia njia iliyotumika kila mara: jamii ilitambuliwa kama kabila, kwa neno la rais. Mmakonde hakupewa kitambulisho kwa kuwa alizaliwa Kenya na wazazi waliozaliwa Kenya. Alipewa baada ya watu wake kutangazwa kabila la 43. Na kilichotolewa kwa tangazo kinaweza kufutwa kwa tangazo.

Ibara ya 12 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya pasipoti na ya hati yoyote ya usajili au utambulisho. Chini yake bado kiko kifungu cha 8 cha Sheria ya Usajili wa Watu, kinachomruhusu afisa kudai ushahidi zaidi wa yale ambayo mwombaji amesema, bila kuorodhesha mwisho wa ushahidi huo. Mtu ambaye mama yake alifariki kabla ya 1978 anaweza kuombwa kitambulisho cha mama, na mwenzake mwenye jina lisilozua shaka asiombwe. Yule wa kwanza hakataliwi; huambiwa arudi wiki ijayo, alete barua nyingine, amwone afisa fulani. Ibara ya 47 inasema kwamba mtu anayeumizwa na uamuzi wa ofisi ya serikali ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 imeifafanua haki hiyo. Mwombaji anayerudishwa mara kwa mara anastahili karatasi inayotaja hati aliyoleta, kwa nini haikukubaliwa, na ni kifungu gani kimetumika. Akiwa nayo, anaweza kuipeleka kwa wakili, kwa Tume ya Haki za Kiutawala au mbele ya jaji. Kwa sasa anatoka pale dirishani mikono mitupu, na katika jalada hakuna mstari unaoonyesha kwamba siku hiyo alifika.